Koome Yenye O Tatu

Baba Kendi,

Githeri iko jikoni, pasha tu. Kendi achukuliwe shuleni saa tisa.

Ile programu uliyoweka kufungia kompyuta ili wezi wasisome inafanya kazi vizuri sana. Leo asubuhi iligoma kunifungulia hata mimi, mwenye tasnifu ndani. Ilidai usajili haujathibitishwa, ikatuma namba ya kufungulia kwa barua pepe yako. Haikufika. Nikakuamsha. Ukasema, "Jaribu tena," ukageukia ukuta.

Fundi mzima, ulijisajili kwa anwani ya jina lako, Koome yenye o tatu badala ya mbili. Anwani hiyo haikuwa ya mtu, basi nikaifungua mimi kama akaunti mpya, nikaomba namba upya, ikaja.

Naenda Embu kuwasilisha tasnifu. ~~Usinipigie.~~ Nipigie ukitaka neno la siri. Nimelibadilisha.

Mama Kendi