Kompyuta ya Mtani

Jumatatu, 3 Mei

Watoto wameenda shule. Nimefagia, nimeosha vyombo, nimegeukia meza. Kompyuta itakaa sebuleni, si chumbani. Nataka kila anayeigusa nimwone. Baba Kabula alitaka iwe chumbani kwetu, hata uvunguni ikibidi, isiibiwe. Nikamwambia mwizi wa Bariadi ataipeleka wapi, hana pa kuichomeka. Akanuna, akarudi kijijini Sola kwenye shamba lake la pamba. Sawa.

Waya umeshavutwa. Unatoka kwenye jenereta ya Mzee Salum, mwenye duka hapo jirani. Anaiwasha saa tisa alasiri mpaka saa moja ili soda zake zipoe. Elimu ya wanangu itafuata ratiba ya soda.

Nimebandika kanuni ukutani. Mikono safi. Hakuna chai karibu. Hakuna kuku ndani. Kabula, wa kidato cha pili, saa nzima. Masanja, wa darasa la sita, nusu saa. Limi, wa la tatu, robo saa. Limi aliporudi akazisoma, akalia. Nimemwongezea dakika tano. Mimi na msimamo hatujuani.

Jumanne, 4 Mei

Barua tatu leo, pale barazani nje ya mahakama ya mwanzo. Mbili za mirathi, moja ya mtu aliyelishiwa shamba na ng'ombe wa jirani. Mashine yangu ya chapa imeanza kukwama. Wateja wachache. Nimekaa namwaza Kapaya.

Miaka kumi na moja tumefanya kazi chumba kimoja, ofisi ya ushirika. Mimi mchapaji, yeye karani wa takwimu. Yeye Mnyamwezi wa Nzega, mimi Msukuma, basi watani. Ananiita mchunga ng'ombe, namwita mpagazi. Akija kwangu anafunua sufuria bila kuuliza, anachukua mnofu. Haki yake. Mtani hakasirikiwi.

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia, ushirika ukanyauka. Ikabidi mmoja wetu apunguzwe. Nikapunguzwa mimi. Kapaya alinibebea sanduku langu kichwani mpaka nyumbani, mpagazi kweli. Mwaka huu ofisi yenyewe imefungwa. Yeye kapata kazi kwa hao wanunuzi. Ile kompyuta ya ofisi wamemwachia yeye, naye kaniletea mimi. Ni ya watoto wa mtani wangu, alisema. Nililia mbele yake bila aibu.

Jumamosi, 8 Mei

Somo la kwanza. Kapaya alifika saa tisa kamili, akafunua sufuria, akalaumu maharage. Watoto walikuwa wameshanawa mikono mara mbili. Amewafundisha kuwasha, kuzima, kushika kipanya. Kishike kama yai, alimwambia Masanja, si kama jembe la babu yako Msukuma. Watoto walicheka mpaka basi. Kila mmoja kafunguliwa faili lake lenye jina lake. Limi kachapa jina lake mara arobaini.

Nilikaa nyuma nikimenya viazi. Vidole vyangu vilikuwa vinajipigia vyenyewe juu ya goti. Herufi zimepangwa kama za mashine yangu. Nikavirudisha kwenye viazi. Hapa ni pa watoto.

Jumatano, 12 Mei

Mama mkwe kaja kutoka Mkula. Mvua ya mwisho mwisho, radi nyingi. Kaifunika kompyuta kwa khanga mbili na kuigeuza uso ukutani. Radi inapenda vitu vinavyong'aa, anasema. Masanja alitaka kubishana. Nimemkanyaga mguu.

Kabula haongei kingine siku hizi. Anataka kusomea mambo haya. Mwaka jana alikuwa anasema atashona nguo tu, maana shule ya kuendelea itatoka wapi. Sasa anajichorea herufi zote kwenye daftari ili afanye mazoezi asubuhi, jenereta ikiwa imelala. Mara ya kwanza namwona mwanangu anataka kitu mpaka usingizi unamruka.

Jumamosi, 15 Mei

Somo la pili. Kompyuta inagoma kuhifadhi, inasema nafasi imejaa. Kapaya kawaeleza watoto kwamba kitu ukikifuta hakijapotea. Kinaenda kwenye kapu la takataka, kinakaa humo mpaka kapu limwagwe. Mafaili ya ofisi aliyafuta yote lakini kapu hakulimwaga. Akaanza kulimwaga. Jenereta ikazimika, Mzee Salum kaishiwa dizeli. Kapaya alisimama kwanza, akaiangalia skrini nyeusi. Kisha akatutania sote kwamba umeme nao unawaogopa Wasukuma. Asiguse mtu, alisema, nitalimwaga Jumamosi mwenyewe.

Jumatatu, 17 Mei

Kabula hakusubiri Jumamosi. Alitaka nafasi ya kazi yake ya jiografia. Akafungua kapu, akaniita. Mama, nimwage?

Nikamwambia subiri. Miaka kumi na moja nimekaa ofisini, sijawahi kuchoma karatasi kabla ya kuisoma. Hayo ndiyo malezi ya mchapaji. Karatasi moja ikiungua kwa bahati mbaya, mkulima hana ushahidi wa pamba yake. Akanionyesha jinsi ya kukitoa kitu kapuni na kukirudisha, nikamtuma kisimani, nikakaa. Nikafungua moja moja kwa kidole kimoja. Orodha za vijiji. Uzito wa pamba. Magunia. Kisha barua kwa meneja, jina la Kapaya chini.

Meneja alikuwa amemwuliza nani abaki kutumia kompyuta. Kapaya akajibu hivi. Mchapaji aliyepo, Bi. Holo, amepewa nafasi ya kujifunza kompyuta mara mbili. Mara zote mbili amekataa, anasema mambo hayo ni ya vijana.

Bi. Holo ni mimi. Nimeisoma mara nne. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Hata mara moja. Mimi ndiye niliyemwomba yeye anifundishe. Alinijibu meneja hataki iguswe.

Kabula karudi na ndoo. Nimemwambia kapu lisimwagwe.

Jumanne, 18 Mei

Sikwenda barazani. Nimefua hata visivyo vichafu.

Jumatano, 19 Mei

Nimekumbuka siku ile orodha ya kupunguzwa ilipobandikwa. Ofisi nzima tumesimama. Mimi machozi yananilenga. Kapaya akanishika bega akapaza sauti, "Mtani, nimekuuza! Tena kwa bei ya kuku!" Watu wakaangua kicheko. Nikacheka kuliko wote. Nikampiga na faili mgongoni, nikamwambia mpagazi huna bei hata ya yai. Machozi yakakauka. Nilimshukuru moyoni kwa kunichekesha.

Alikuwa anasema kweli. Aliisema kweli yake mahali pekee ambapo nisingeweza kuisikia. Kwetu mtani akikwambia amekuuza unacheka, na anayekasirika ndiye anayeonekana hana adabu. Alilijua hilo. Namchukia. Naandika tena nilione vizuri. Namchukia.

Na barua ile ina makosa manne. Miaka yote barua zake zilipita kwangu, nikazinyoosha Kiswahili kabla hazijafika kwa meneja. Hii peke yake haikupita.

Ijumaa, 21 Mei

Nimepanga maneno ya kumfukuza kesho. Nimeyasema kwa sauti nikichota maji. Nimeongeza mengine aliyokuwa akiyatumia mama yangu akigombana na watu.

Jioni Kabula amechapa ukurasa mzima bila kuangalia vidole. Kaniita nione. Nimeona. Katika Bariadi nzima wanaoijua kompyuta sijui kama wanafika watatu, na wengine hawana muda na watoto wangu. Nikimfukuza Kapaya nabaki na sanduku la kufunikwa khanga, na Kabula anarudi kwenye kushona. Nikimwacha aje, atafunua sufuria yangu tena.

Vyovyote nitaumia. Sijui nichague kipi.

Jumamosi, 22 Mei

Alikuja. Mlangoni akasema mchunga ng'ombe, leo umepika nini. Nikamjibu, "Habari za mchana, Bwana Kapaya. Karibu ukae."

Alicheka. Akasubiri nimtukane. Sikumtukana. Nikamsogezea kiti kile cha wageni, chenye kitambaa cha kufuma. Akaangalia jikoni, hakwenda. Kisha akaangalia kompyuta. Kabula akamwambia kapu bado halijamwagwa, mama kakataza. Akasema sawa, hakuligusa.

Kafundisha saa tatu nzima bila utani hata mmoja. Masanja kamwuliza kama anaumwa. Chakula nilimwandalia kwenye sahani, na maji ya kunawa, na kijiko. Hajawahi kupewa kijiko kwangu. Hakula.

Jumapili, 23 Mei

Kanisani sikusikia neno. Ana watoto wanne Nzega, najua. Mke wake alikuwa anaumwa mwaka ule, najua. Kama angekuja akaniambia mtani, ni mimi au wewe, na watoto wangu watakufa njaa, labda ningempisha. Labda nisingempisha. Lakini ningekuwa nimeulizwa. Kinachoniuma si kazi tu. Ameniandika kuwa mtu anayeikataa elimu, halafu akala kwenye sufuria yangu miaka yote hii.

Ile kompyuta si zawadi. Ni mzigo uliomchosha, akautua kwangu.

Jumamosi, 29 Mei

Nimefanya.

Alipofika niliwatuma watoto wote watatu kwa Mzee Salum, kila mmoja na chupa yake ya soda, wanywe huko huko polepole. Nikakaa mimi mbele ya kompyuta. Kapaya akasimama nyuma yangu. Nikamwambia, "Nifundishe na mimi." Akauliza tuanze na nini. Nikafungua kapu, Kabula alishanionyesha jinsi ya kukitoa kitu humo. Nikaitoa barua yake, nikaiweka wazi.

Nikaanza kusahihisha. Kosa la kwanza, la pili. Nilikuwa namsikia anavyopumua. La tatu. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilikwambia, mtani. Siku ile ile, mbele ya watu wote."

"Ulinitania."

"Ningekwambiaje tena?"

Nikasahihisha la nne. Nikamwuliza, "Kuihifadhi nabonyeza wapi?" Mkono wake ukapita juu ya bega langu, ukaonyesha. Nikabonyeza. Nikamwambia hili nimelielewa, tuendelee.

Tukaendelea mpaka watoto waliporudi wanapiga mbweu. Hakuomba msamaha. Sikumwuliza kama ataomba. Alipoondoka nilimwambia Jumamosi nitakuwepo tena, somo langu litangulie la watoto. Akasema sawa, Mama Kabula.

Jumatano, 2 Juni

Kabula kauliza kwa nini siku hizi mimi na mjomba Kapaya hatutaniani. Nimemwambia tumezeeka. Hakuamini. Karudi kwenye daftari lake la herufi.

Jumamosi, 5 Juni

Hakuna mvua. Vumbi. Pamba imeanza kuingia mjini, malori ya wanunuzi tangu asubuhi.

Kapaya kaja saa tisa. Amenifundisha kupanga kurasa, kuchora jedwali, kutafuta faili lililopotea. Nilikuwa naelewa kabla hajamaliza. Kupiga chapa hakuhitaji kunifundisha. Saa kumi na moja akaniambia hana zaidi. Alichokuwa anakifanya pale ofisini ni hicho, hakuna kingine. Alisema akiangalia sakafu. Watoto sasa naweza kuwaendeleza mwenyewe, alisema, yeye haitajiki. Nikamwambia ahsante. Nilimsindikiza hadi kona, kama inavyompasa mgeni. Hakugeuka, na mimi sikumwita.

Alasiri mbili. Kuiokoa kazi yangu ya miaka kumi na moja kulihitaji alasiri mbili za mtu kusimama nyuma yangu na kunionyesha pa kubonyeza.

Nimerudi ndani. Limi alikuwa ameshakaa kwenye kiti, ameshanawa mikono, maji yanamchuruzika kwenye viwiko. Nikamfuta kwa khanga, nikavuta kigoda, nikamwambia afungue faili lake.