Simu Isiyosikia Bipu

Jumatatu, 5 Machi 2007

Kuta zinatoka jasho tena. Bweni zima limelowa, nguo sijui nizianike wapi. Kutwa nzima kiwandani natafsiri maneno ya simu. Skrini ndogo, kila neno lazima lienee. "Ujumbe mfupi wa maandishi" hauingii hata nusu. Nimeweka "Meseji", basi. Aliyetafsiri kabla yangu aliandika "Betri inasikia njaa". Nimecheka hadi machozi, kisha nikafuta.

Profesa wa chuo changu hapa Guangzhou alinileta kiwandani kwa mazoezi ya mwaka wa mwisho. Hii itakuwa simu yao ya kwanza ya Kiswahili: laini mbili, redio, tochi. Mnunuzi ni Papa Kasongo wa Lubumbashi, Kongo, amekuja kuchukua kontena zima. Bosi kasema mzigo ukikubalika ataniajiri, niwe mtu wao wa Afrika Mashariki. Usipokubalika, nikimaliza chuo narudi Tanga na cheti changu mkononi. Kazi hii naitaka hadi naiota.

Tangu wiki iliyopita laini yangu nimeitia kwenye simu ya sampuli, niijue vizuri.

Mama kimya tangu juzi.

Jumatano, 7 Machi

Bado kimya. Si kawaida yake. Kila siku akishasali adhuhuri, huku China magharibi inakaribia, ananibipu. Moja: mzima. Mbili: nipigie. Nami namrudishia moja. Miaka minne tunaishi hivyo, na hatujawahi kushindwa kuelewana.

Nimeshindwa kula. Nimeteremka Xiaobei, mtaa wa Waafrika, kununua kadi ya kupigia nyumbani. Kapokea. Mzima kabisa, lakini kanuna.

"Nakubipu kila siku, Rukia. Umeninyamazia kama mtu tuliyegombana."

Nimeapa sijaona kitu. Hakuniamini. Tangu lini mama yangu akaniona mwongo? Imeniuma.

Alhamisi, 8 Machi

Nimerudisha laini kwenye simu yangu ya zamani, ile iliyopasuka kioo. Magharibi, bipu hiyo hapo. Moja. Nusura niibusu.

Kwa hiyo mtandao hauna kosa. Kosa ni la simu yetu.

Nimemkuta Papa Kasongo kwenye mgahawa wa Wakongo, anakula samaki. Nikatia tena laini yangu kwenye sampuli, nikamwomba aibipu. Kabipu. Simu imekaa mezani imekufa kimya. Haikulia, haikuandika namba, hakuna. Kabipu tena. Hakuna. Akapiga kawaida, ikaita vizuri tu. Tukatazamana.

Kaweka kijiko chini. "Dada, bibi yangu akibipa mara mbili, njo najua mukate imeisha. Hii telefone nitauzia nani?" Bibi, kwao, ni mke.

Kasema isiporekebishwa hachukui hata moja. Nimerudi na metro nikiwa na joto la hasira.

Ijumaa, 9 Machi

Nimemwendea Liu, injinia aliyeandika programu. Nilidhani atashtuka. Kafurahi. Kumbe kaifanya makusudi, na anajivunia.

Hapa kwao simu ikiita mara moja na kukatika, ni matapeli. Ukipiga kujibu, unasikilizishwa tangazo huku salio linaliwa. Kwa hiyo Liu kaipa simu akili: mlio wa kwanza inaunyamazia, na aliyekata inamtupa bila kumwandika. Kasema ni zawadi kwa wateja wa Afrika. Zawadi. Nilitamani nimtie kofi.

Nimemweleza kwamba kwetu anayekata mapema ni mama, mume, fundi, mchumba. Ndiyo lugha yenyewe. Kanitazama kwa huruma, akauliza kwa nini watu wasipige tu wakaongea. Nikamwambia tunaongea. Hakuelewa.

Bosi naye kanijibu mei banfa, yaani hakuna namna. Programu imeshapitishwa, maboksi yamechapwa, meli haingoji. Nimemng'ang'ania hadi akanipa nafasi Jumatatu, nikamwonyeshe. Kakubali ili nimwondokee.

Jumapili, 11 Machi

Sijielewi. Nimeandika maelezo ya Kichina, kurasa tatu. Nimesoma kwa sauti. Hata mimi nimepiga miayo. Nimechana.

Mchana nimempigia Papa Kasongo. Nimemweleza ninachotaka afanye. Kacheka, kisha kakubali. Naogopa. Kesho nikiaibika, nimeaibika mbele ya kiwanda kizima.

Jumatatu, 12 Machi

Tumeshinda. Acha niandike tena. Tumeshinda.

Nilimsimamisha Papa Kasongo uani, chini ya dirisha la bosi, suti yake ya kanisani na kiatu kinang'aa. Nikamwomba bosi asogee dirishani. Nikambipu Papa kwa simu yangu kuukuu, nikakata. Akanyanyua mkono. Nikabipu mara mbili. Akavua koti. Mara tatu. Akalivaa, akainama kama mbele ya askofu. Hatukusema neno. Wafungaji maboksi walikuwa wameshajaa mlangoni.

Bosi akauliza swali moja tu. Imekatwa kiasi gani? Nikamwonyesha salio. Hakuna kilichokatwa. Bosi wa Guangzhou akisikia bure, uso wake wote unabadilika. Kaninyang'anya simu. Kabipu mwenyewe, moja. Mkono juu. Mbili. Koti likavuliwa. Kacheka hadi kashika ukingo wa dirisha. Kamchezesha Papa wa watu hadi jasho likamtoka. Ikabidi nimwombee.

Hapo nikasema la pili, lile nililolificha. Msiiondoe tu ile akili. Igeuzeni. Simu imtambue anayebipu, ihesabu, iandike. Liu alikuwa amenuna pembeni. Nilipotaja kuhesabu, akainua kichwa. Akauliza bipu mbili zinapishana kwa muda gani. Nikajua nimempata.

Kisha akauliza neno gani la kuweka kwenye skrini. Nikamwambia Bipu. Herufi nne. Wiki nzima napunguza maneno, hili limeenea na nafasi ikabaki.

Bosi kasema maboksi yatachapwa upya. Yataandikwa kabisa, kwa herufi kubwa: Inahesabu Bipu.

Ijumaa, 23 Machi

Liu kanibipu leo kutoka meza ya tatu. Mbili. Nimeenda. Alitaka tu kuona kama nitaenda. Mshenzi mzuri. Simu inafanya kazi.

Mkataba nimesaini. Kuanzia mwezi wa saba mimi ni mtu wao. Nimetembea hadi stesheni nikicheka peke yangu, na wala sikuona haya.

Jumapili, 1 Aprili

Kontena limeondoka bandari ya Nansha jana. Papa Kasongo kaenda kuliaga.

Leo nimefua, nimepika wali. Juzi nilimpigia Mama, nikamwambia laini nimeirudisha kwenye ile simu mpya, na sasa inahesabu bipu. Kanijibu "haya", ile haya yake ya kutosadiki.

Magharibi simu imetetemeka kwenye kitanda. Ikanyamaza. Ikatetemeka tena. Na tena. Nimeiacha hadi alipochoka.

Kwenye skrini: Mama. Bipu 7.

Hatuna maana ya saba. Alikuwa ananipima tu.

Nimemrudishia saba, moja moja, bila haraka.