Mtoto Ana Wazazi Wawili

4 Machi
Mama Kidege,
Salamu nyingi. Sisi wazima, sijui wewe na masomo ya uuguzi. Naandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kukatiana. Nimeamua Kidege aende kwa mama yangu mpaka umalize kozi. Juzi nilimsuka karakanani, vijana wakaacha kuchomelea geti la watu wakaniuliza, "Bosi, siku hizi umefungua saluni?" Kesho nampeleka.
Mumeo,
Baba Kidege

11 Machi
Baba Kidege,
Hujambo? Mimi afya ninayo, amani sina. Barua imenifikia mtoto keshaondoka. Nilipopata nafasi hii tulikaa mezani, nikakuuliza, ukasema, "Nenda, nitamlea." Leo unaamua peke yako, kisa kicheko cha vijana? Mimi nilipokuwa natoka zamu ya usiku nikaingia jikoni, nani alinionea huruma? Kama kulea ni kazi yangu tu, niambie nirudi. Lakini nikirudi hivyo, usitegemee mke uliyemzoea.
Mama Kidege

29 Machi
Baba Kidege,
Hali yako? Kimya chako kinanitisha. Jirani anasema karakana ina kufuli tangu juzi. Kesho nina mtihani na hakuna kinachoingia kichwani. Hata tusi ni jibu. Niandikie.
Mama Kidege

2 Aprili
Mke wangu,
Pole na mtihani. Kufuli nilifunga mimi, nilimfuata Kidege. Mama aling'aka, "Umerogwa? Mwanaume mzima anaogesha mtoto?" Nikamjibu, "Mama, huyu ana wazazi wawili." Hakuniaga. Inaniuma mpaka sasa.
Siku hizi nafungua karakana nikishamfikisha shule. Vijana wakicheka, nawapa chanuo. Nywele zenyewe bado ni kama shamba lililopitiwa na mbuzi.
Ukweli nilikuwa nimechoka, Mama Kidege. Kusema "nimechoka" kulinishinda, nikaandika "nimeamua."
Baba Kidege

8 Aprili
Mume wangu,
Habari za huko? Mimi mzima, na nimefaulu. Nililia juu ya barua yako, nilipofika kwenye mbuzi nikacheka peke yangu.
Sasa sikiliza. Walimu wananitaka nibaki miezi mitatu zaidi, nijifunze kazi za chumba cha upasuaji. Wenzangu wamekubali papo hapo. Mimi nimewaambia, "Bado sijaongea na mwenzangu." Nataka kubaki, sikufichi. Na wewe sema la moyoni, hata kama ni hapana. Nitapiga Alhamisi jioni.
Safari hii asikate mtu.
Mkeo,
Mama Kidege