Jina la Shangazi Arkadia

Mpendwa shangazi Arkadia,

Shikamoo. Najua kabla ya kuitikia ungeuliza kama nimekula. Nimekula.

Jumapili tunambatiza binti yangu wa pili, na jina lake limenisumbua wiki nzima. Mila unaijua: wa kwanza alichukua jina la mama mkwe, huyu ni zamu ya Mama. Lakini mimi nilitaka achukue lako. Wewe hukuzaa, na kwetu asiyezaa hana mjukuu wa kuitwa jina lake. Lingebaki pale kihambani, kwenye kaburi lako kati ya migomba na kahawa, basi.

Unakumbuka jina hilo lilivyokuudhi? Dada yako Pulkeria kila Septemba alikuwa na sikukuu ya mtakatifu somo wake, na kuku anachinjwa. Wewe uliipekua kalenda ya parokia Januari hadi Desemba, Arkadia hayumo. Ukaamua siku yako iwe ya Watakatifu Wote. "Mle ndani hakosi mmoja anayenijua," ulisema, ukamchinja jogoo wa Baba bila kumwuliza.

Shangazi, nimempata! Miezi ya mwisho ya mimba hii niliambiwa nilale tu, nikawa nasoma kwenye simu chumbani kwetu Majengo. Arkadia alikuwa binti wa kaisari wa Warumi kule Konstantinopoli, mdogo wake Pulkeria yule mtakatifu, somo wa dada yako. Padre aliyekubatiza alijua alichokifanya. Pulkeria aliweka nadhiri ya kutoolewa, akawaingiza na wadogo zake wawili, wakamlea ndugu yao wa kiume aliyerithi kiti cha baba yao akiwa mtoto. Habari za Pulkeria ni ndefu. Za Arkadia ni mistari michache: alisali, alifuma nguo. Nilikasirika. Nani alimwuliza kama anataka?

Halafu nikaona aibu, kwa sababu nawe hatukukuuliza. Tulizoea tu kwamba upo. Kila aliyejifungua pale nyumbani, ni wewe uliyemenya ndizi, ukampikia mtori, ukambeba mtoto mgongoni ili mama yake alale. Hata Mama, ambaye siku mlipogombana alikuambia mbele za watu, "Wewe hujui uchungu wa mwana." Miezi miwili hamkusalimiana. Alipojifungua kitindamimba wetu uliingia na sufuria, ukaketi kitandani kwake. "Kula, wifi, unapoa." Hakukuomba msamaha, nawe hukudai.

Ndiyo maana niliogopa kumwomba aache zamu yake. Jana nikapanda nyumbani, nikamsimulia yote, hadi habari za kaisari. Alikuwa anachambua maharage. Aliyachambua yakaisha, akayarudia upya, mimi nangoja kama niko mahakamani.

"Mpe la wifi yangu," akasema. "Nilimwambia hajui uchungu wa mwana, na ninyi wote watano mmelala mgongoni kwake."

Nakupenda, shangazi. Ulipokuwa hai sikukuambia, maana kwetu maneno hayo tunayaonea haya.

Jumapili, padre akiuliza mtoto amepewa jina gani, si mimi nitakayejibu. Mama ameomba alitamke yeye.

Pumzika sasa, umetubeba vya kutosha.

Binti wa kaka yako