Safari ya Ziwani Uliyoiahirisha

Dada Zuhura,

Sikuandikii kwa upole. Waliokuombea dua kwa upole walijaa msikitini hadi nje, Mungu awalipe. Mimi nimekasirika, na simwoni mwingine wa kumkasirikia.

Siku tuliyokuzika, mama Lin, mke wa laoban, yule mwenye duka anayetuuzia bitana pale soko la vitambaa la Zhongda, alinishika mkono akalia. Akasema kwa kile Kichina cha polepole anachotusemesha sisi wageni, "Daktari alimwambia asibebe mizigo. Alitaka alazwe, mwenyewe akakataa. Mimi ndiye niliyekwenda naye." Nikamuuliza daktari gani. Akaniachia mkono.

"Nilidhani unajua," akasema.

Sikujua, Dada. Tumelala chumba kimoja mtaani Xiaobei, tumekula sahani moja, tumebeba majora pamoja, mimi mdogo wako wa tumbo moja. Moyo wako ulikuwa unachoka tangu kabla ya Ramadhani, na aliyejua ni mwanamke wa dukani.

Kinachoniuma zaidi ni Italia. Ulianza wewe. Ulisema umezunguka nchi zote hizi na hujaona kitu zaidi ya maghala, safari moja tu ukae mahali kama mtu. Ukataka ziwa. Ukataka treni, maana kwenye treni mtu anakaa dirishani na hakuna anayemuuliza mzigo wake una kilo ngapi. Mimi nikaifanya kazi. Yule Mtaliano mnunuzi wa hariri tuliyekuwa tukikutana naye kwenye lifti ya jengo la Tianxiu nilimganda mpaka akachoka. Ndiye aliyetuelekeza: mnashukia Milano, mnachukua treni ya kwenda kaskazini, mnakaa upande wa kushoto kwa sababu ziwa liko huko, na tiketi mnaigonga kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo mtapigwa faini. Akatuchagulia Varenna, mji mdogo. Siku nne zinatosha, alisema, vivuko vinakwenda miji ya ng'ambo na jioni mnarudi kulala palepale.

"Chumba kiwe cha chini," ukasema. Nikakucheka, nikasema uvivu umekuanza. Ukanituma niulize kama hoteli ina lifti. Mtaliano akasema tusihofu, kutoka stesheni hadi majini ni mteremko.

"Na kurudi?" ukamuuliza.

"Kurudi mtapanda kidogo."

 Asubuhi yake ukasema tusogeze safari mpaka kontena la nguo liondoke. Likaondoka. Ukasema mpaka baada ya Idi. Viza zetu zikaisha muda zikiwa kabatini, nami nikakununia nikidhani biashara imekupanda kichwani. Ungeniambia neno moja tu. Ningetafuta mji tambarare. Ningekubeba mgongoni, wallahi. Au tusingekwenda kabisa, ungelazwa, nami ningekaa kando ya kitanda nikikugombeza uko hai.

Ukaanguka kwenye ngazi za soko la nguo Shisanhang, bunda la jinzi begani. Mimi nilikuwa nyuma yako, mikono mitupu.

Baada ya arobaini Rehema alipiga simu kutoka Dar. Unamjua binti yako, hazunguki. "Mama mdogo, mama alikuwa anajua kama anaumwa?" Nyumbani walikwisha kumwambia ilikuwa ghafla. Nikaona jinsi ilivyo rahisi kusema hapana. Nikasema ndiyo, alijua, na alinificha hata mimi.

Alilia, kisha akakasirika. Sijui kama ni dhambi, lakini hasira yake ilinifariji. Tukakusema sote wawili, kwa adabu, mpaka tukaishiwa. Halafu nikamweleza habari za ziwa na treni, maana hilo nalo ulimficha. Akasema, "Basi twende sisi."

Tunakwenda. Yeye atatokea Dar, mimi huku, tutakutana Milano. Viza yangu imetoka tena, yake imetoka juzi. Nimechukua chumba cha ghorofa ya juu kabisa, kwa sababu sisi tunaweza kupanda. Ndiyo, nimefanya makusudi. Nilipomaliza kukiagiza, nikiwa dukani kwa mama Lin, nililia mpaka akafunga duka.

Jumatatu nilikwenda kupimwa moyo. Daktari anasema maradhi haya wakati mwingine ni ya ukoo. Majibu bado. Yakitoka, mazuri au mabaya, Rehema atayasikia siku hiyohiyo, kutoka kinywani mwangu, kabla ya mtu mwingine yeyote. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na uipokee kama lawama.

Mungu akulaze pema, Dada. Siku nikikusamehe nitakuja makaburini nikuambie. Kwa sasa nakuja kufagia tu.

Mdogo wako,
Saida