Mpangaji wa Chumba cha Uani

Morogoro, 6 Juni 1994

Kwa Baba Geresoni,

Shikamoo baba. Mimi ni mzima, ila joto la huku linanichosha. Kifua chako kimepona? Sweta unavaa, au mpaka mama akugombeze?

Mama anasema vyumba vya mbele sasa vina wauza mitumba watupu, na ua mzima unanuka mabalo ya nguo kuukuu. Nilicheka, kisha nikahuzunika. Nikiikumbuka nyumba yetu nakumbuka wapangaji: nesi Agness akianika sare yake, Mama Baraka akigombana na kila mtu juu ya majivu, na wewe ukirudi zamu kiwandani, ukinukia majani ya chai hadi kwenye nyusi. Wote mlipitia geti la uani. Mlango wa mbele ulikuwa wetu wenye nyumba. Leo naona aibu.

Baba mzazi alipofariki nilikuwa darasa la pili. Hakuna aliyenieleza kitu. Wewe ulisogeza kigoda nje ya chumba chako ukasema, “Njoo unisomee gazeti, macho yangu yamechoka.” Hayakuwa yamechoka.

Sasa neno lenyewe. Mwanao Lusungu amekuwa akinitembelea chuoni. Tunataka kuoana. Nakuandikia kabla ya mama, maana neno lako ndilo nataka kulisikia kwanza.

Mwanao,
Tupokigwe


Mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu, 25 Juni 1994

Mwanangu Tupokigwe,

Marahaba. Mama yako hajambo, nami kifua kipo kipo tu. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Ndaga fijo, asante sana. Lusungu ni kijana mzuri, japo mvivu wa kufua.

Lakini umesoma mpaka umesahau. Ukiolewa na mwanangu, kwa mila yetu wewe ni nkamwana, mkwe wangu. Hutaniangalia usoni, hutanisalimia, jina langu hutalitaja. Nikija njiani, unapinda. Mama Lusungu siku moja alikutana na marehemu baba yangu ghafla, akajitupa mtaroni na ndoo ya maji kichwani. Mpaka leo anasema aliteleza!

Sasa fikiria ua wetu. Bomba moja, njia ya chooni moja. Ukija kumsalimu mama yako tutapishana wapi?

Kiwanda kinapata mmiliki mpya, na sisi wazee tunapunguzwa. Nilikuwa nimemwomba mama yako nizeekee hapa, nimwangalizie hawa wapangaji wapya, naye alikubali. Basi, nitarudi kijijini kwetu Masukulu.

Baba yako,
Geresoni


Morogoro, 9 Julai 1994

Baba,

Shikamoo. Afya yangu ni njema, moyo ndio mgonjwa.

Usihame. Mchungaji wetu humpa mkwewe mkono mbele ya kanisa zima, na mbingu hazijaanguka. Mimi nitakusalimia, nitakuita jina, nitakaa pale pale kwenye kigoda.

Baba wa kwanza nilimpoteza bila kuulizwa. Wa pili nimpoteze kwa harusi yangu mwenyewe? Kama haiwezekani, nitamkatalia Lusungu. Niambie.

Mwanao,
Tupokigwe


Mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu, 2 Oktoba 1994

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa, nisamehe. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa najaribu. Nilikaa mlangoni nikajisemea, atakuja, atasema shikamoo, nitaitikia. Nikasikia miguu inataka kukimbia, na wewe uko Morogoro!

Chumba naweza kuhama. Hili jambo siwezi, nilizaliwa ndani yake.

Usimkatae Lusungu kwa ajili yangu. Siku nitakapomwona mwanamke kwa mbali anaiacha njia aingie migombani, nitajua ni wewe, na kwamba umenipa heshima ambayo hata baba mzazi hapewi. Mimi nitaridhika.

Uamuzi ni wako. Ukitaka tubaki tulivyo, nijibu, nami sitoki uani. Ukikubali kuolewa, usinijibu. Nitangoja mpaka Krismasi.

Baba,
Geresoni


Morogoro, 14 Desemba 1994

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na baridi imepungua. Mimi nimekonda kidogo, usishtuke ukiniona.

Barua moja kutoka hapo nyumbani nimekaa nayo tangu Oktoba. Majibu niliyaandika mengi, yote nikayachana. Juzi sikuandika tena. Nilikaa tu na karatasi nyeupe mpaka nikaona ndilo jibu.

Washenga wa akina Lusungu wakija, wapokee.

Chumba cha uani kikiwa wazi usikipangishe mpaka nije. Nataka nikae mlangoni siku moja, nisome gazeti kwa sauti, hata kama ni kwa kuku.

Na yule mzee, mama, msaidie kufunga mizigo. Najua ataibeba hadi geti la uani, kama alivyozoea. Mzuie. Mfungulie mlango wa mbele, apitie sebuleni.

Mwanao,
Tupokigwe