Baba, Nyasi za Msambweni Zimeota

Kwako Baba,

Shikamoo. Juma lililopita nilirudi Msambweni maji yalipokuwa yamekupwa, nikasimama pale tuliposimama mimi na wewe. Nyasi zimeota. Niligeuka ili nikuonyeshe, kisha nikakumbuka.

Nakumbuka siku niliyokuambia, kule nyumbani Kinango, kwamba chuo kikuu nitasomea bahari. Ulikuwa ukichonga mpini wa jembe. Ulitaka nisomee udaktari wa mifugo, na majirani ulikuwa umeshawatangazia. Hukugomba. Uliuliza tu, "Maji yasiyonywewa na ng'ombe yana faida gani?" Mimi nilicheka, wewe hukucheka. Hata hivyo, siku ya safari ulinibebea sanduku mwenyewe hadi barabarani.

Mwaka wa mwisho tulikuwa na somo la masuala ya sasa ya ikolojia ya bahari. Kila mwanafunzi alichagua suala moja, akalifanyia kazi ufukweni, kisha akalitetea mbele ya darasa. Wenzangu walichagua matumbawe yanayopauka kwa joto, na plastiki inayokutwa matumboni mwa samaki. Mimi nilichagua nyasi za baharini, zile ambazo samaki wachanga hujificha ndani yake. Pale Msambweni palikuwa na kiwanja kilichobaki mchanga mtupu. Nilipanda miche mara mbili, na mara zote mbili ikatoweka. Niliamini imeuawa na joto la maji. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kumwomba mwalimu aniruhusu kuliacha somo, ingawa nilijua nitarudia mwaka.

Ndipo ulipokuja hospitali ya Msambweni kutibiwa kifua. Tulipotoka kwa daktari ukataka nikuonyeshe ninakolima. Hukuwa umewahi kukanyaga bahari maishani mwako. Ulikunja suruali, ukaingia na akala zako za tairi na fimbo ya kuchungia, mkono mmoja umenishika bega. Maji yalifika vifundoni tu, lakini hukuliachia bega langu.

Ulikizunguka kile kiwanja polepole. Ukachutama ukingoni, ukachuma jani, ukaliangalia kwa muda mrefu.

"Hapa hapakufa, mwanangu," ukasema. "Hapa pamelishwa."

Ukanionyesha kwamba jani linalouawa na jua hunyauka kuanzia nchani, na lile lilikuwa limekatwa kwa meno. Kisha ukaelekeza fimbo kwa wale wanyama weusi wenye miiba mwili mzima, waliojazana palipoishia majani. Uliwaita nungunungu, kama wale wa porini kwetu. Ukataka kujua ni nani anayewala. Nikakueleza habari za kikande, samaki mwenye meno magumu anayewavunja na miiba yao, na jinsi alivyovuliwa hadi akaadimika. Ukatikisa kichwa. Ukasema chui walipokwisha kule kwetu, nyani ndio waliokuwa wenye mashamba. Na kwamba ukipanda bila kumwondoa mlaji, unamwandalia chakula.

Habari za wanyama hao nilikuwa nimezisoma, Baba. Ila sikuwa nimechutama.

Sasa nimefika mahali ninapoona haya kupaandika. Wenzangu watatu wa darasani walitokea na vifaa vyao, na mmoja akaniuliza mzee huyu ni nani. Nikazitazama akala zako na shati lako lililotoboka begani. Nikasema, "Ni mzee mmoja wa kwetu. Jirani."

Ulisikia. Ukawasalimia kwa upole, ukawaulizia habari za masomo, ukawaombea heri. Njiani hukuniuliza neno. Ulinisimulia habari za mvua iliyonyesha upande wa Samburu, kwa sauti yako ya siku zote, na mimi nikaitikia nikiwa nimeinamisha uso.

Barua ile sikuipeleka. Kila maji yalipokupwa niliwaokota nungunungu wako kwa ndoo, nikawahamishia mbali, na miche mipya nikaizungushia wavu. Safari hii ikashika.

Siku ya kutetea kazi yangu, mwalimu aliuliza ni nani aliyetambua kwanza kwamba nyasi zile zililiwa. Wale wenzangu watatu walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Nikajibu, "Ni baba yangu. Anachunga ng'ombe Kinango. Mlimwona." Mwalimu akaniambia niliandike hilo kama lilivyo.

Nilikupigia simu, nikakuambia nimefaulu. Ukamshukuru Mungu, ukaniuliza kama majani yanashika. Lile la darasani nikaliweka, nikitaka nikuambie uso kwa uso, nianze kwa kukuomba radhi. Kifua chako hakikuningoja.

Nisamehe, Baba. Nadhani ulinisamehe palepale njiani, na hiyo ndiyo sababu ulizungumzia mvua. Lakini kuomba radhi ni wajibu wangu, na sikuutimiza ukiwa hai.

Juma lile lililopita nilikuwa nimechutama katikati ya nyasi, uso karibu na maji, mama mmoja anayeokota chaza akanikaribia. Alitaka kujua nimejifunzia wapi kutazama hivyo. Nilikuwa karibu kumtajia chuo. Nikamtajia jina lako, kisha la baba yako, kisha la kijiji chetu, moja moja, bila haraka, mpaka maji yakaanza kujaa.

Lala pema, Baba. Wasalimie waliokutangulia.

Ni mimi mwanao,
kifungua mimba wako